Benny Paret: nani alipaswa kusimamisha pigano?

Juma mbili zilizopita tulienda kuangalia mapigano ya vijana wa kartie. Katika raundi ya tatu mwamuzi, yule ambaye sisi wote tunamwita arbitre, aliingia katikati, akainua mikono, akasema imeisha. Kijana aliyekuwa anapigwa alikuwa angali amesimama. Basi, makelele! Watu wakamutukana mwamuzi, wakasema amekula pesa, chupa zikaanza kuruka. Tulirudi kwa miguu tukibishana njia nzima, nusu yetu upande wa kijana, nusu upande wa mwamuzi. Na sawa kawaida, muzee mumoja akatuletea mambo ya Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Mohamed Ali na George Foreman, usiku ambao sisi hatukuuona kwa sababu hatukuwa tumezaliwa. Muzee akasema mwamuzi wa kweli ni yule Zack Clayton, ambaye alimwacha Foreman mpaka akaanguka mwenyewe.

Ni kweli. Lakini Foreman alianguka, hapo ndipo bahati yake. Alipokuwa anashuka chini, Ali alikuwa na mukono wa kuume tayari, hakupiga tena. Clayton akahesabu mpaka kumi, kazi ikaisha, na Foreman akaishi mpaka uzee. Sisi tukamwambia muzee: tutakuandikia juu ya mutu ambaye hakuanguka.

Mutu yule anaitwa Bernardo Paret, lakini dunia ilimujua kwa jina la Benny Paret, na katika boksi walimuongezea jina la Kid, maana yake mutoto. Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1937 kule Santa Clara, katikati ya kisiwa cha Cuba. Nchi ile wakati ule ilikuwa nchi ya sukari sawa vile kwetu ni nchi ya shaba: ukizaliwa katika nyumba ya masikini, kazi inakungojea mbele hujakomaa mifupa. Benny alikata miwa angali mutoto. Mwenye kushika panga katika shamba la miwa anajua: jua la kichwa, mugongo umeinama, majani yanakata ngozi, na malipo yanapimwa kwa uzito wa kile ulichokata. Tunayaandika haya kwa makusudi. Sisi hatujaona bado mutoto wa tajiri anayechagua kupigwa kichwani ili ale.

Aliingia katika boksi ya pesa akiwa kijana kabisa, kwanza kwao Cuba, kisha akahamia Marekani na menaja wake Manuel Alfaro. Marekani ya miaka ile kulikuwa boksi kwenye televizyo kila juma, na televizyo ilihitaji watu wa kupigana sawa tanuru inavyohitaji makaa. Benny hakuwa fundi wa kukwepa. Alichokuwa nacho ni uvumilivu: alipokea ngumi tatu kusudi atoe mbili, na watu walilipa kuona vile. Tena alikuwa na desturi moja. Mara nyingine alijifanya amechoka, mikono inashuka, miguu inalegea, mupinzani anakuja mbio kumumaliza, halafu yeye anafyatuka na ngumi. Mukumbuke desturi hii, tutairudilia.

Tarehe 27 mwezi wa tano 1960, kule Las Vegas, alimushinda Don Jordan kwa pointi baada ya raundi 15, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa welta, maana yake watu wasiopita kilo 67 hivi. Ilikuwa mwezi mumoja mbele ya uhuru wetu. Mukata miwa wa Santa Clara, miaka 23, ana mukaba wa dunia kiunoni. Tunafikiri zile zilikuwa siku nzuri zaidi za maisha yake, na hazikuwa nyingi.

Sababu kulikuwa Emile Griffith. Huyu naye ni mutoto wa kazi, alizaliwa Saint Thomas katika visiwa vya Virgin, akafika New York, akapata kazi katika kiwanda cha kofia za wanawake. Patroni wake ndiye aliyeona mabega yake siku moja alipovua shati juu ya joto, akamupeleka kwenye boksi. Tarehe 1 mwezi wa ine 1961, kule Miami Beach, Griffith alimuangusha Paret katika raundi ya 13 na kumunyanganya mukaba. Tarehe 30 mwezi wa kenda wakarudiana New York, raundi 15 nzima, waamuzi wa pointi wakagawanyika, mukaba ukarudi kwa Paret. Griffith na watu wake waliona wameibiwa.

Sasa muangalie vizuri. Siku 70 tu baada ya raundi zile 15, Alfaro alimupeleka Paret Las Vegas kupigana na Gene Fullmer, bingwa wa uzito wa kati, watu wanaofika kilo 72 na nusu. Ilikuwa tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili. Fullmer alikuwa mutu wa kusukuma, kichwa kigumu, ngumi nzito. Alimupiga Paret raundi baada ya raundi, na katika raundi ya 10 akamuangusha mara tatu, ndipo ikaisha. Fullmer mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuna mutu aliyewahi kumupiga kiasi kile. Na baada ya siku 105, Paret alirudishwa ringini tena, mara ya tatu na Griffith.

Sisi katika kazi tuko na kaye ya kila mashini. Kama tingatinga limegonga mara mbili katika mwaka mumoja, hata shefu mubaya kabisa anaandika lipelekwe garaji, kwa sababu tingatinga ni mali. Kaye ya Benny Paret ilikuwa inaandika hivi: mwezi wa ine, ameangushwa hakuinuka, mwezi wa kenda, raundi 15, mwezi wa kumi na mbili, ameangushwa mara tatu na mutu anayemupita uzito, mwezi wa tatu, arudi. Waganga walimupima wakamupitisha. Tume ya boksi ya New York ikatia ruhusa. Menaja akatia saini. Mwenyewe pia alikubali, angefanya nini? Alikuwa na muke, mutoto mudogo, na mwingine angali tumboni.

Tunajua namna mutu anavyopitishwa. Mwenzetu mumoja, jina tunaliacha na kompani tunaiacha, jiwe lilimuanguka juu ya kaske. Akakaa chini dakika mbili, akasimama, akasema niko sawa. Kwa nini asiseme? Kontra yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Shefu akamuangalia, akasema kama anasimama, anaweza kazi. Na sisi madelege tulikuwa pale, wawili. Tulikuwa na haki ya kusimamisha, iko katika maandishi, tuliipigania. Hatukusema kitu. Tulijiambia: mwenyewe amesema yuko sawa. Kabla zamu haijaisha tulimubeba. Yuko hai mpaka leo, lakini jicho moja halioni, na maneno yanamupotea katikati ya mazungumuzo. Ndiyo sababu tunapofika kwa mwamuzi wa usiku ule wa New York, hatuandiki sawa watu wenye mikono safi.

Mwamuzi yule ni Ruby Goldstein. Hakuwa mutu mubaya wala mujinga wa kazi. Alikuwa mutoto wa familia masikini ya Wayahudi wa New York, alipiga boksi ujanani, alijua ngumi ni nini. Mwaka wa 1947, Joe Louis alipopigana na Jersey Joe Walcott, waamuzi wawili wa pembeni walimupa Louis ushindi, Goldstein peke yake alimupa Walcott. Kumukatalia Joe Louis New York, mbele ya watu wote, ilitaka moyo. Mwaka wa 1952, Sugar Ray Robinson na Joey Maxim walipigana kwenye uwanja wa Yankee katika joto la kama digrii 40, na Goldstein mwenyewe alizidiwa baada ya raundi ya 10, wakamutoa, wakaweka mwingine. Robinson naye alishindwa kutoka kwenye kiti kwa raundi ya 14. Goldstein alijua basi kwamba mwili una mwisho, aliuona kwa mwili wake. Na mwaka wa 1959, Floyd Patterson alipoangushwa na Ingemar Johansson, ni Goldstein huyu aliyesimamisha, lakini baada ya Patterson kuanguka mara saba katika raundi moja. Saba. Kila mara aliinuka, kila mara akaachwa aendelee.

Sisi tunaona hesabu hii ya saba inaeleza mambo mengi. Wakati ule bingwa alikuwa anapewa nafasi kupita mutu wa kawaida. Watu waliona kumusimamisha bingwa akiwa angali kwenye miguu ni kumunyanganya mali yake.

Tarehe 24 mwezi wa tatu 1962 ilikuwa siku ya posho. Asubuhi walipimwa uzito. Paret alimukaribia Griffith kwenye mizani, akamushika nyuma, akamuita kwa neno la Kispanyola la kumutukania mwanaume anayependa wanaume. Griffith alitaka kumupiga palepale, wakamuzuia. Wakati ule neno sawa lile lilikuwa linaweza kuharibu maisha na kazi ya mutu, na magazeti mengi hayakuthubutu hata kuliandika lilivyo. Wengine mpaka leo wanasema ni tusi lile lililomuua Paret. Sisi hatukubali. Hasira ya Griffith ilikuwa yake, lakini katika boksi kila mutu anaingia na hasira au anajifanya nayo. Ndiyo maana wanaweka mutu wa tatu ringini.

Usiku, Madison Square Garden, kamera za televizyo ya ABC, nchi nzima inaangalia. Griffith alipiga muzuri tangu mwanzo. Lakini katika raundi ya sita Paret alimuangusha, wakamuhesabia mpaka nane, na kengele ikalia mbele Paret hajamumaliza. Hili nalo lilikaa katika kichwa cha mwamuzi: mutu huyu anaweza kugeuza pigano saa yoyote.

Raundi ya 12. Paret alisukumwa kwenye kona. Griffith akamupata na mukono wa kuume, akaendelea, kuume, kuume, tena kutoka chini. Watu wamehesabu ile filme kila mutu kwa namna yake, lakini ni ngumi zaidi ya kumi na tano katika sekunde chache. Mikono ya Paret ilikuwa imeshuka. Kichwa chake kilikuwa kinaenda na ngumi, hakirudi chenyewe. Mwili wake ulikuwa umeegemea kona, mukono mumoja umenaswa na kamba, kichwa kimetoka inje ya ringi. Goldstein alikuwa karibu, alikuwa anaona. Alipomukumbatia Griffith kwa nyuma na kumuvuta, saa ilikuwa inaonyesha dakika mbili na sekunde tisa za raundi. Ndipo Paret, ambaye sasa hakuna ngumi iliyomushikilia, akateremuka polepole kando ya kamba mpaka chini.

Hapa ndipo tulitaka muzee wetu afike. Mutu anayeanguka analindwa na sheria. Mupinzani anarudishwa kwenye kona nyingine, kunahesabiwa, ana sekunde kumi za kupumua, na kila mutu kwenye uwanja anaona kwamba kuna shida. Mutu asiyeanguka, aliyeshikwa na kamba na kona, hana kitu. Hana hesabu, hana sekunde, hana hata ishara ya kusema ametosheka, kwa sababu akili ya kusema imeishaondoka. Amebaki na mwamuzi tu. Kwa hiyo kuuliza kama angali amesimama ni kuuliza vibaya. Unaangalia kama anarudisha. Kama anainua mikono kujikinga. Kama kichwa kinakwepa au kinangoja. Kama ni miguu yake inayomubeba au ni kamba. Mambo haya yote mwamuzi anayaona kwa ngumi tatu, ine, hahitaji kumi na tano.

Goldstein alijieleza baadaye kwamba alifikiri Paret anafanya ile desturi yake ya kujifanya. Tunaamini kwamba alisema kweli. Lakini angalieni mutego: uvumilivu ule ule uliomupa Paret mukate ndio uliomunyima musaada. Kwa kuwa alivumilia jana, watu wakangojea avumilie leo. Sisi tunaoishi na watu wa mashimo tunajua hesabu hiyo. Yule anayelalamika kila siku wanamutuma kwa munganga. Yule asiyelalamika wanamuongezea kazi.

Na kwenye kona yake? Alfaro hakutupa taulo. Baadaye alimulaumu mwamuzi. Munganga alikuwa chini pembeni ya ringi. Menaja anamuangalia mwamuzi, munganga anamuangalia mwamuzi, mwamuzi anamuangalia bingwa, na uwanja mzima unapiga makelele. Sawa siku ile sisi madelege tulivyomuangalia shefu.

Walimubeba mpaka hospitali ya Roosevelt, wakamupasua kichwa kuondoa damu iliyokusanyika. Hakuamuka tena. Alilala siku kumi na kufa tarehe 3 mwezi wa ine 1962, miaka 25. Walimuzika Bronx, kwenye makaburi ya Saint Raymond. Mutoto wa pili alizaliwa bila kumuona baba yake.

Uchunguzi ulifanyika, gavana Nelson Rockefeller akaunda tume. Goldstein hakupatikana na kosa. Lakini tangu hapo karibu hakusimamia tena pigano. Televizyo ya ABC, ambayo usiku ule ule ilirudisha picha zile polepole ili watu waone muzuri zaidi, iliacha boksi ya kila juma mwaka wa 1964. Lakini ringini kazi iliendelea. Mwaka haujapita, Davey Moore akafa Los Angeles baada ya kupigana na Sugar Ramos, Mucuba mwingine. Alianguka na shingo ikagonga kamba ya chini. Baada yake wakatengeneza kamba upya. Mwaka wa 1982, Kim Duk-koo wa Korea ya Kusini akafa baada ya raundi ya 14 na Ray Mancini, ndipo raundi 15 zikaanza kukatwa kuwa 12. Leo waamuzi wanasimamisha mapema, na munganga anaitwa kupanda ringini. Ukichimba chini ya kila sheria hizi, unakuta mutu.

Na Griffith? Aliendelea kupigana miaka 15 tena. Mwaka wa 1966 alimunyanganya Dick Tiger wa Nigeria ubingwa wa uzito wa kati. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba tangu Paret hakupiga tena kwa nguvu zake zote, aliogopa mikono yake, na kwamba Paret alimurudilia katika ndoto kwa miaka mingi. Watu walimutukana muuaji njiani. Akiwa muzee, mwaka wa 2005, walitengeneza filme juu ya maisha yake, na ndani yake alikutana na mutoto wa kwanza wa Paret, ambaye sasa alikuwa mutu muzima. Griffith aliogopa kumukaribia. Mutoto ndiye aliyefungua mikono, akamukumbatia, akamwambia hana kinyongo naye. Griffith alikufa mwaka wa 2013.

Muzee wetu alisikiliza haya yote, kisha akasema hata hivyo mwamuzi wa kartie aliharakisha. Tukamuacha na neno lake. Yule kijana aliyesimamishwa tulimukuta juzi sokoni, anabeba magunia ya unga, uvimbe chini ya jicho umeanza kushuka. Angali amekasirika. Anasema alikuwa sawa kabisa, angeweza kuendelea.